WAKILI WA MGONJWA NI WA NANI?

Ndugu wafanyi kazi wa Tawa na Mbooni,

Korti ya Tawa si mbali na wengi wetu. Mwenzetu akishikwa kwa ulevi, kwa fujo au kwa kuiba mali ya tajiri wake, jamaa huchanga shilingi wakatafuta wakili. Lakini ikiwa akili zake si timamu, au pombe imemshika hata hawezi kuiacha, huyo wakili ni wa nani? Ni wa waliolipa, ama ni wa mgonjwa?

Sisi twasema ni wa mgonjwa.

Kwanza, wakili asichukue maneno ya ndugu peke yao. Wako ndugu wa haki, na wako wanaotazama shamba. Mgonjwa ana siku mbaya na siku za utulivu. Siku ya utulivu wakili akae naye, kwa Kikamba ikihitajiwa, asikie anataka nini. Na hayo aliyoambiwa ni siri ya mteja. Sheria yamkataza kuyatoa ovyo.

Pili, asimwambie mtu anayetetemeka kwa kukosa pombe, "Kubali tu, tulipe faini twende zetu." Hiyo si kutetea. Kifungu 162 cha sheria ya kuendesha kesi za jinai chasema korti ikiwa na sababu ya kuamini kuwa mshtakiwa hawezi kujitetea kwa ugonjwa wa akili, yapasa ichunguze jambo hilo.

Tatu, na hapa ndipo pagumu. Wakili akisema mteja wake alikuwa na wazimu, aweza kudhani amemwokoa. Lakini kwa kifungu 166, aliyeonekana ametenda kosa akiwa na wazimu haendi nyumbani. Alizuiliwa akingoja amri ya Rais, bila kujua siku ya kutoka. Mwaka 2016 Mahakama Kuu huko Meru ilisema jambo hilo linavunja Katiba. Basi mteja aelezwe hatari hii kabla wakili hajafungua mdomo kortini.

Wengine watasema mgonjwa hajui lililo jema kwake, wakili aamue. Twajibu: asiyeelewa jambo moja aweza kuelewa mengine. Aulizwe kwanza.

Na sisi je? Kifungu 44 cha Sheria ya Ajira ya 2007 chahesabu ulevi kazini kuwa kosa kubwa. Lakini kifungu 41 chasema kabla ya kufukuzwa mtu aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, awe na mwenzake au mjumbe wa chama, na asikilizwe. Hapo mjumbe ndiye wakili. Masharti yale yale yamfunga: asikie, atunze siri, asimkubalie tajiri upesi kwa kuona haya juu ya mlevi.

Wajumbe wote walizungumze jambo hili katika mkutano ujao.