Kilwa Isomeke kwa Kiswahili

Mwaka 1974 mwanaakiolojia Neville Chittick alichapisha juzuu mbili nene kuhusu Kilwa Kisiwani, matunda ya miaka mingi ya uchimbuaji. Hadi leo hakuna mtafiti anayeandika juu ya mji ule bila kuzipitia. Ni za Kiingereza. Ripoti nyingi zilizofuata nazo ni za Kiingereza, tena zimo katika majarida ambayo mwalimu wa historia wa Kilwa Masoko hayapati kwa urahisi, na akiyapata hana fedha za kuyalipia. Toleo hili limezaliwa na uchungu huo. Tunaamini kwamba uchimbuaji ambao wenye mji hawawezi kuusoma haujakamilika, hata kama kila kigae kimepewa namba na kuhifadhiwa.

Tazama kinachopotea. Msikiti Mkuu wa Kilwa, ambao sehemu yake kongwe ni ya karne ya 11, ulipanuliwa kwa kuba na matao karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, huyohuyo aliyejenga kasri la Husuni Kubwa na birika lake la pembe nane. Nakshi bora za miji ya mawe ya pwani zilichongwa kwenye matumbawe yaliyokatwa chini ya maji yangali hai. Yakitoka baharini huwa laini na huchongeka vizuri. Yakikauka hukaza, na patasi haiendi tena. Kwa hiyo fundi alishindana na jua. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe magumu zaidi ya nchi kavu, na matumbawe yalichomwa pia kupata chokaa. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, ndiyo maana vyumba vya Songo Mnara, mji wa magofu ulio jirani na Kilwa, ni virefu na vyembamba.

Huo ni ujuzi wa kazi, si mapambo ya vitabu. Fundi anayekarabati ukuta wa aina hii akiupiga saruji, unyevu hunaswa ndani, chumvi hujikusanya na jiwe humong'onyoka. Wataalamu wameliandika jambo hili mara nyingi. Mwenye mwiko mkononi ndiye asiyeandikiwa.

Kuna hasara kubwa zaidi. Kwa miongo mingi vitabu vilifundisha kwamba miji ya mawe ya pwani ni kazi ya wageni waliokuja na majahazi, na kwamba Mwafrika aliikuta tayari. Katika miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton alichimbua Shanga, kisiwani Pate, akakuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mabaki ya mwingine: ile ya mwanzo midogo, ya miti na udongo, ya tangu karne ya 8, ule wa mawe ukaja baadaye, palepale. Mji ulikua kutoka kijiji cha watu wa pwani wenyewe. Wageni walikuja, wakaoa, wakafanya biashara, lakini mji haukushuka nao chomboni. Felix Chami na wanaakiolojia wengine wa kwetu wamezidi kuonyesha jinsi mizizi hiyo ilivyo mirefu. Hata hivyo, nenda kwenye magofu leo usikilize maelezo wanayopewa wageni: bado ni ya Washirazi na merikebu zao. Kosa lilisambaa kwa Kiswahili, sahihisho likabaki kwa Kiingereza.

Na mtoto wa Kilwa anafundishwa nini? Ibn Battuta aliyeusifu mji mwaka 1331, na Mreno Almeida aliyeuteka mwaka 1505: mgeni na mvamizi. Hasikii kwamba sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman imeokotwa Zimbabwe Kuu, mbali kabisa na bahari, katika nchi ilikotoka dhahabu iliyopitia bandari ya Sofala. Hasikii kwamba Songo Mnara, ng'ambo tu ya kwao, zimefukuliwa sarafu za shaba zaidi ya 300 zilizofichwa pamoja.

Mwaka 2004 UNESCO iliyaweka magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, ikayaondoa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ambayo wanakijiji walishiriki. Waliotoa jasho lao wana haki ya kusoma matokeo.

Tutaambiwa tafsiri ni gharama. Mradi unaomudu tiketi za ndege na vipimo vya maabara za ng'ambo haushindwi kurasa 20 za Kiswahili. Tunaiomba mamlaka inayotoa vibali vya uchimbuaji iweke sharti: asipewe kibali cha pili mtafiti ambaye hajakabidhi ripoti ya kwanza kwa Kiswahili, na nakala zifike shuleni na ofisi ya kijiji. Nanyi wanaakiolojia wa Tanzania na Kenya, msisubiri sharti hilo. Leteni makala zenu. Kurasa za toleo lijalo tumeshazitenga.