SHILINGI YA SIMU: ADA ATALIPA NANI?



Februari 2022 Benki Kuu ya Kenya iliwauliza wananchi kama yafaa itoe shilingi isiyo noti wala sarafu, bali hesabu tu katika simu. Juni 2023 ikasema si jambo la haraka, ila itaendelea kulitazama. Basi nasi twasema mapema.

Twaambiwa fedha hiyo ingewaingiza maskini katika mambo ya benki. Kuingia wapi tena? M-Pesa ilianza mwaka 2007, na leo hata kibarua wa kupakua samaki ana fedha katika simu. Kinachotuumiza ni ada! Noti ya shilingi 500 ikitoka kwa mama muuza samaki wa Kibuye, ikaenda kwa mvuvi wa Dunga, kwa fundi wa mtumbwi, kwa mwenye duka, hufika ni 500 ile ile. Ya simu hukatwa kila inapotumwa, na wakala akiitoa hukatwa tena. Na serikali hii inayotuhurumia ilitia ushuru juu ya ada hizo: asilimia 10 mwaka 2013, 12 mwaka 2018, 15 mwaka 2023.

Nigeria ilitoa eNaira Oktoba 2021. Wananchi wengi hawakuigusa.

Kama Benki Kuu itarudi na shauri hili, twataka sheria iseme wazi: kutumiana shilingi hiyo kusitozwe hata senti, noti zisiondolewe, na tajiri asilipe mshahara kwa njia hiyo bila kupatana na chama. Matawi yalizungumze jambo hili sasa.