Diski Kubwa Si Ghala Salama

Miongoni mwa vyombo vya elektroniki vilivyoingia majumbani na mashuleni katika miaka ya karibuni, kimo kimoja kisichotajwa sana. Ni sanduku dogo, lenye ukubwa wa tofali moja au mawili, ambalo ndani yake mna diski mbili au nne, na nyuma yake umechomekwa waya uendao kwenye ruta. Kazi yake ni kuhifadhi faili za watu wote wa nyumba au wa shule mahali pamoja, ili kila kompyuta na kila simu iliyomo katika mtandao huo iweze kuzisoma. Mafundi huliita seva, na jina hilo si kosa, kwani ni kompyuta kamili isiyo na kioo wala kibodi. Picha za harusi, mitihani ya majaribio, alama za wanafunzi za miaka kumi, sauti ya mzee aliyekwisha kufariki: vyote humiminwa humo. Na siku sanduku linapojaa, ushauri utolewao na kila mtu ni mmoja tu, yaani zinunuliwe diski kubwa zaidi.

Ushauri huo si mbaya, ila huja mapema mno. Fedha ya kwanza ya shule yapasa kununua nakala ya pili itakayokaa mbali, na juhudi ya kwanza ya mwalimu yapasa kuhakikisha kwamba kilichohifadhiwa chaweza kusomwa na mashine nyingine. Ukubwa wa diski ni jambo la tatu.

Diski ya sumaku ya kwanza kuuzwa pamoja na kompyuta ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na kipenyo cha inchi 24, na zote kwa jumla zilibeba herufi milioni 5 tu. Picha mbili tatu za simu ya leo zingetosha kuijaza. Tangu wakati huo ujazo umeongezeka mara milioni kadhaa, lakini maumbile ya chombo ni yaleyale: sahani izungukayo, kichwa kinachoelea juu yake bila kuigusa, na kifo kisichotoa taarifa. Kwa ajili ya kifo hicho, mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yaani Patterson, Gibson na Katz, walichapisha hoja ya kuunganisha diski nyingi za bei nafuu ili moja ikifa nyingine ziendelee na kazi. Katika sanduku lenye diski mbili, njia iliyo rahisi ni ile ya kioo: kila kinachoandikwa katika diski ya kwanza huandikwa papo hapo katika ya pili.

Hapo ndipo wengi hupotoka, wakidhani kwamba kioo ni nakala. Kioo huonyesha uso kama ulivyo, na uso ukiwa na jeraha nacho huonyesha jeraha. Mwanafunzi akifuta folda ya alama kwa bahati mbaya, hufutika katika diski zote mbili kwa sekunde ileile. Na mwizi abebaye sanduku hubeba diski zote kwa mkono mmoja.

Sasa uchukuliwe mfano wa mwalimu wa Mikumi ambaye sanduku lake lina diski mbili za terabaiti 1 kila moja, naye amenunua mbili za terabaiti 4. Utaratibu wa kawaida ni kutoa diski moja ya zamani, kuweka mpya mahali pake, kusubiri sanduku linakili kila kitu, kisha kufanya vivyo hivyo kwa ile ya pili. Kazi yaonekana nyepesi. Lakini katika saa zile za kusubiri, kumbukumbu zote zinategemea diski moja kuukuu, ambayo inasomwa toka mwanzo hadi mwisho, pengine kwa mara ya kwanza tangu iliponunuliwa. Watengenezaji wengi wa diski za kawaida huahidi kosa moja lisilosomeka kwa kila biti 10 zilizopandishwa kipeo cha 14. Terabaiti 1 ni biti trilioni 8. Kwa hiyo, kwa kipimo hicho, uwezekano wa kukumbana na kosa ni karibu 8 katika 100. Kwa diski ya terabaiti 10 hesabu hiyohiyo hupita nusu. Kwa kweli diski nyingi hufanya vizuri kuliko ahadi ya kiwandani, lakini mwalimu wa hisabati wa kidato cha nne hatapata swali la uwezekano lililo karibu na maisha kuliko hili. Umeme nao ukikatika katikati ya kazi bila betri ya akiba, hesabu huwa mbaya zaidi.

Diski ya zamani iliyotolewa isifutwe wala isiuzwe. Ifungwe katika mfuko mkavu, iandikwe tarehe, ikae mpaka mpya zimethibitishwa kuwa zinasomeka. Agizo hili huvunjwa mara nyingi kwa sababu ya tamaa ya kuirudisha kazini siku ileile.

Tena masanduku ya zamani yana kikomo ambacho wauzaji hawakitaji. Utaratibu wa zamani wa kugawa diski huhesabu vipande vyake kwa namba ya biti 32, na kila kipande kina baiti 512. Mwanafunzi azidishe 2 kwa kipeo cha 32 mara 512: atapata baiti 2,199,023,255,552, yaani terabaiti 2 na kidogo. Sanduku linalofuata utaratibu huo likipewa diski ya terabaiti 4 litaona nusu yake tu, au halitaiona kabisa. Fedha ya nusu nyingine imetupwa.

Lakini hatari iliyo kubwa kuliko zote haimo katika sumaku. Imo katika lugha. Masanduku mengi ya aina hii huendeshwa na Linux, na hupanga faili kwa mifumo kama ext4, XFS au Btrfs. Sanduku likiungua na diski ikabaki nzima, mtu mwenye haraka huitoa na kuichomeka katika kompyuta ya Windows. Kompyuta hiyo haijui lugha ile. Hivyo hutangaza kwamba diski yahitaji kufomatiwa kabla ya kutumiwa, na huuliza kwa adabu kama ianze. Wangapi hujibu ndiyo? Faili zilikuwamo zote, na dawa ilikuwa rahisi: kuwasha kompyuta ileile kwa Linux iliyowekwa katika fleshi, na kuifungua diski kwa kusoma tu. Mtandaoni nako lugha hubadilika. Itifaki ya SMB ya toleo la kwanza, ambayo masanduku ya zamani hutumia kutoa faili kwa Windows, iliachwa kwa sababu za usalama. Baada ya virusi vya WannaCry vya Mei 2017, Microsoft ilianza mwaka huohuo kuiondoa katika Windows 10. Sanduku zima, diski nzima, waya mzima, na kompyuta mpya yasema haioni kitu.

Kwa nini jambo hili lishughulishe watu wa Kilosa na Mikumi hasa? Kwa sababu wilaya hii ni miongoni mwa sehemu za nchi ambazo kumbukumbu ndefu za sayansi zimekusanywa. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilitangazwa mwaka 1964, na tangu mwaka 1974 nyani wa njano wa hifadhi hiyo wamekuwa wakifuatiliwa na watafiti, mmoja mmoja, mama na wanawe na wajukuu. Mwaka uleule wa 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na huenda marufuku hiyo iliisaidia kazi ile bila kukusudia, kwa maana daftari la penseli la mwaka 1974 lasomeka hata leo bila kuuliza lifomatiwe. Huko Ilonga, karibu na mji wa Kilosa, kituo cha utafiti wa kilimo kimekuwa kikipima mvua na kujaribu mbegu tangu miaka ya 1940. Na Morogoro mjini wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na wenzao wa ng'ambo walihesabu panya shamba mwezi baada ya mwezi, hata wakaonyesha katika miaka ya 1990 kwamba mvua nyingi za mwanzo wa msimu hutangulia milipuko ya panya. Ujuzi huo haukupatikana kwa mwaka mmoja wala miwili. Mfululizo wa miaka 30 ukipoteza miaka 5 ya katikati, haubaki mfululizo wa miaka 25. Unakuwa vipande viwili ambavyo havijui kusemezana. Kumbukumbu za namna hii leo zinahamia katika diski, na shule zipimazo mvua uwanjani zaweza kuanzisha za kwao.

Wilaya hii pia imeonja maji. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulivunja kingo zake, ukaingia Kilosa mjini, ukawaacha maelfu bila makazi na kuing'oa Reli ya Kati. Katika mafuriko ya namna ile hapana tofauti kati ya diski moja na diski nne zilizokaa juu ya meza moja. Yafaa basi shule moja ya Kilosa na moja ya Mikumi zibadilishane nakala: kila moja imtunzie mwenzake diski moja kabatini. Mafuriko ya Mkondoa hayafiki Mikumi, na moto wa Mikumi hauunguzi Kilosa.

Watakuwapo watakaosema kwamba intaneti imekwisha kulitatua tatizo hili. Intaneti ni msaada, na mwenye uwezo aitumie. Hata hivyo, tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania nzima ikaona jinsi faili ya mbali inavyoweza kuwa mbali kweli. Basi litokalo Mikumi kwenda Kilosa likichukua diski ya terabaiti 4 kwa saa tatu limesafirisha karibu gigabiti 3 kwa kila sekunde, na nauli yake yajulikana. Ni kweli kwamba kuijaza diski hiyo kwa waya wa gigabiti 1 huchukua kiasi cha saa 11, na kwa waya wa zamani wa megabiti 100 siku nne na nusu. Kazi ya aina hii hufanywa likizoni. Tena sanduku lenyewe lisifunguliwe kwa dunia nzima bila sababu. Mnamo Juni 2021 masanduku ya My Book Live ya kampuni ya Western Digital, ambayo hayakuwa yamepata marekebisho ya programu tangu mwaka 2015, yalifutwa na watu wasioonekana waliyoyafikia kwa intaneti, na wenye mali waliamka wakakuta folda tupu.

Kila muhula, basi, darasa moja lipewe zoezi: lichague faili kumi kwa bahati nasibu kutoka katika nakala ya mbali, lizifungue kwa kompyuta isiyokuwa ya shule, na liandike daftarini zipi zimefunguka na zipi zimekataa. Nakala isiyojaribiwa ni tetesi. Pamoja na orodha ya faili, liandikwe pia jina la mfumo uliopanga diski, maana fundi wa mwaka 2040 hatakuwa na njia ya kubahatisha.

Linabaki jambo la siri. Alama za wanafunzi na anwani za wazazi ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yawabana waalimu wakuu kama inavyoyabana mabenki. Diski iendayo shule ya jirani kwa basi yapasa kufungwa kwa fumbo, na neno la kulifungua fumbo hilo liandikwe katika karatasi mbili, ziwekwe katika bahasha zilizopigwa lakiri: moja kwa mwalimu mkuu, nyingine kwa mwenyekiti wa bodi. Bahasha hizo zisisafiri na diski, na zikabidhiwe kwa maandishi kila mwalimu mkuu anapohamishwa.