UCHAMBUZI: Ncha mbili za dunia zatofautiana, hatari ni moja

NI kosa la kawaida kuzidhania ncha mbili za dunia kuwa pacha kwa sababu zote zimefunikwa na barafu. Ukweli ni kwamba Kaskazini ni bahari iliyozingirwa na nchi kavu, ilhali Kusini ni bara lililozingirwa na bahari.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua ni mnyama gani aishi wapi. Katika Bahari ya Aktiki, dubu mweupe hutegemea barafu inayoelea ili kuwavizia sili wanapochomoza kuvuta pumzi. Barafu hiyo ikipungua, msimu wake wa kuwinda nao hufupika.

Antaktika haina dubu wala mnyama yeyote mkubwa wa nchi kavu. Pengwini, sili na nyangumi wa huko hupata riziki yao baharini. Hata hivyo, pengwini mkubwa kuliko wote hulea vifaranga juu ya barafu ya bahari. Mwaka wa 2022 barafu hiyo ilivunjika mapema katika Bahari ya Bellingshausen, na makundi manne kati ya matano ya eneo hilo yakapoteza vifaranga.

Kisiasa pia, ncha hizi hazifanani. Aktiki ina wenyeji, wakiwemo Wainuit na Wasami, na mataifa manane yana ardhi humo. Baraza la Aktiki lililoundwa 1996 halina uwezo wa kutunga sheria, na mnamo 2007 Urusi ilisimika bendera yake kwenye sakafu ya bahari.

Kusini hakuna wenyeji, ila watafiti. Mkataba uliotiwa saini na nchi 12 mnamo 1959 ulizuia shughuli za kijeshi, na itifaki ya 1991 ikapiga marufuku uchimbaji wa madini.

Lakini mkataba huzuia wachimbaji na wanajeshi; hauzuii joto. Isitoshe, barafu inayoelea ikiyeyuka haiongezi sana kina cha bahari. Iliyo juu ya ardhi ndiyo ya kuhofiwa. Barafu yote ya Antaktika ingeyeyuka, bahari ingepanda kwa takriban mita 58.

Hilo haliko karibu kutokea. Hata hivyo, sehemu ndogo tu ya barafu hiyo inatosha kutishia miji ya pwani, Lamu na Mombasa ikiwemo. Kwa hivyo, ncha iliyolindwa vyema zaidi kisheria ndiyo inayoweza kuigharimu dunia zaidi, iwapo mataifa yenye viwanda vingi hayatapunguza moshi wao.