BARABARA SIYO YA MWENYE HONI PEKE YAKE

Ndugu wanachama, tumechoka! Juzi lori la mahindi limemsukumia mtaroni punda wa mwenzetu, madumu ya maji yote chini. Dereva katukana, kaenda zake. Eti punda anamchelewesha!

Tunamwuliza: hayo mahindi yalifika ghalani kwa mgongo wa nani?

Punda akishtushwa na honi huweza kurukia katikati. Uingereza, tangu 2022, kanuni zamtaka dereva anayempita farasi asizidi maili 10 kwa saa, aache mita 2. Punda wetu ana kosa gani?

Na sisi tusijisafishe: mikokoteni usiku bila taa, basi!

Mwenye punda, shika kamba, kaa kushoto. Dereva, punguza mwendo. Asiyepunguza, ghalani kwetu hapakii.

Katibu