Shule Ipimwe kwa Mizani Ipi?

Kila matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatangazwapo, shule hupangwa safu, ya kwanza hadi ya mwisho, na hukumu hutolewa papo hapo: hii ni bora, ile ni mbovu. Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule kumi bora. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, lakini haukutosha. Kwani matokeo ya kila shule yangali yakitolewa, na watu huyapanga wenyewe kwa mizani ile ile iliyopinda.

Kosa la mizani hiyo ni kupima mavuno bila kuuliza habari za mbegu wala udongo. Katika Mkoa wa Arusha, Shule ya Sekondari Ilboru hupokea wanafunzi wenye vipaji maalumu waliochaguliwa kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Shule za kata, zilizoenea kufuatia mpango wa elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004, hupokea aghalabu watoto wa jirani. Wengi wao hutembea mwendo mrefu, nao wametoka katika shule za msingi zifundishazo kwa Kiswahili, wakakabiliwa ghafla na masomo ya Kiingereza. Hata Kisimiri, shule ya serikali wilayani Arumeru iliyoongoza taifa katika mtihani wa kidato cha sita mwaka 2016, ilipimwa kwa wanafunzi waliokwisha kuchujwa na mtihani wa kidato cha nne.

Hesabu ndogo ya kubuni itadhihirisha jambo hili. Shule mbili zina watahiniwa 100 kila moja. Shule A ilipokea wanafunzi 80 wenye msingi imara na 20 wenye msingi dhaifu. Wakafaulu 64 wa kundi la kwanza na 4 wa kundi la pili, jumla 68. Shule B ilipokea 20 wenye msingi imara na 80 dhaifu. Wakafaulu 18 na 32, jumla 50. Safu itaiweka A mbele. Lakini kwa wenye msingi imara, A imefaulisha asilimia 80, B asilimia 90. Kwa wadhaifu, A asilimia 20, B asilimia 40. Shule inayofundisha vizuri zaidi makundi yote mawili ndiyo inayoaibishwa!

Wako watakaosema kwamba hoja hii ni kinga ya walimu wazembe. La, sivyo. Mizani ya haki humfichua mzembe aliyejificha nyuma ya wanafunzi hodari, na humpa heshima yake mwalimu wa kata anayewainua waliokuja chini.

Yafaa basi kila wilaya ilinganishe matokeo ya kidato cha nne na yale ya kidato cha pili ya wanafunzi wale wale, kundi kwa kundi, na kwa miaka kadhaa mfululizo; maana katika shule yenye watahiniwa 20, mmoja tu hubadili asilimia 5. Walimu wa hisabati waweza kuanza kazi hiyo darasani, pamoja na wanafunzi wao, kwa takwimu za shule yao wenyewe. Sayansi haianzi kwa kutoa hukumu. Huanza kwa kuhakikisha kwamba vitu vinavyolinganishwa vyalingana.