Stashahada Si ya Waliofeli

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, kuanzia Mbagala hadi Tegeta utasikia kauli ileile: aliyefaulu aende kidato cha tano, aliyeteleza "atafutiwe diploma". Yaani stashahada ni ya waliobaki, na msomi hasa ni mwenye shahada. Imani hii imezoeleka, na ni potofu.

Mzazi huyohuyo anayeidharau stashahada, mwanawe akipandwa na homa usiku humkimbiza zahanati ya mtaani. Pale hupokewa na tabibu aliyesoma stashahada kwa miaka mitatu. Humwita "daktari", humkabidhi mtoto atobolewe kidole apimwe malaria, kisha huenda dirishani kuchukua dawa. Haulizi elimu ya mtu. Tunawakabidhi watu hawa uhai wa watoto wetu, halafu tunaona haya watoto hao wakitaka kuwa kama wao!

Watetezi wa shahada hukimbilia mshahara. Ni kweli, serikalini mwenye shahada huanza juu zaidi, na vipo vyeo ambavyo bila shahada huvigusi. Lakini ngazi ya mshahara ni ya aliyeajiriwa. Juni 2014, vijana zaidi ya 10,000 walifurika Uwanja wa Taifa, hapahapa Temeke, kwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Piga hesabu: katika kila mia, hata mmoja hakutimia. Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi.

Sasa tazama miaka badala ya majina ya vyeti. Vijana wawili wa Tandika wamemaliza kidato cha nne pamoja. Mmoja ameingia chuo cha ufundi au cha afya. Baada ya miaka mitatu ana stashahada. Mwenzake kwa muda huohuo amemaliza kidato cha sita na mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Tuseme mwaka huo biashara ya mama imeyumba na ada imekosekana. Wa kwanza ana kazi anayoweza kuifanya kesho asubuhi. Wa pili ana cheti cha kidato cha sita. Kwa familia zinazoishi kwa kipato cha siku, tofauti hiyo si ndogo.

Wala stashahada si mwisho wa safari. Mwenye GPA ya 3.0 anaweza kuomba shahada kwenye fani yake, tena akiwa ameshaifahamu kazi. Serikali yenyewe imeanza kulielewa hili: tangu mwaka wa masomo 2023/24, Bodi ya Mikopo inawakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele.

Nchi nayo inahitaji watu wa katikati. Katika uhandisi kuna uwiano unaotajwa mara kwa mara: mhandisi mmoja, mafundi sanifu watano, mafundi stadi 25. Sisi tunataka wote wawe wahandisi. Nani atapima udongo wa barabara? Nani atakaa na mashine ikigoma?

Sisemi shahada haina maana. Anayetaka kuwa daktari bingwa au wakili hana njia ya mkato. Wala sisemi kila chuo cha stashahada ni kizuri. Vipo vya kuchukua ada tu, na ndiyo maana mzazi anapaswa kuhakikisha usajili wa chuo kwa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivyo, kabla ya kulipa hata shilingi. Ninachopinga ni shahada yoyote ilimradi shahada, inayosomwa ili ukumbi ukodiwe na picha ya joho itundikwe sebuleni, huku mkopo wake ukisubiri kukata asilimia 15 ya mshahara ambao bado haujapatikana.

Mzazi, matokeo yajayo yakitoka, usimuulize mwanao atasoma hadi wapi. Muulize akimaliza atajua kufanya nini, na nani atamlipa kwa kazi hiyo. Jibu likiwa stashahada, lipa ada bila kuinamisha kichwa.